Menta wa kwenye fomu na menta wa wodini: tulioko Pemba na Unguja, tuzungumze

Zamu_ya_Usiku (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi.

Nipo kazini Pemba, mwaka wa nne huu tangu nimalize intaneshipu. Wiki iliyopita nimeitwa ofisini nikaambiwa mie na wenzangu wawili tuandike mpango wa kuwalea madaktari vijana wanaotaka kufanya utafiti huku wakiendelea na wodi. Tukapewa na mfano wa kuiga, kurasa kumi na moja, ulioandikwa kwa ajili ya chuo kimoja cha Ulaya. Nimeusoma wote. Mna mikutano ya kila robo mwaka, mna fomu ya malengo ya miaka mitano, mna cheti mwishoni chenye nafasi ya saini tatu. Pahala palipoandikwa nani atashika wodi yangu nikiwa kwenye hiyo mikutano, hamna.

Basi nimeona nije huku kwanza, kabla sijanakili upuuzi wa watu.

Niwape na yangu. Niliwahi kuwemo kwenye programu ya mentashipu, yaani ya kulelewa kitaaluma na aliyekutangulia, jina silitaji. Mwaka mmoja. Nikapangiwa menta profesa, yuko nje, mtu mwema kabisa, wala simsemi vibaya. Tulionana kwa video mara moja kwa mwezi, saa 4 usiku yangu, intaneti ikikubali.

Swali langu nilikuwa nalo tangu intaneshipu: watu wanaoanguka mikarafuu. Msimu ukifika tunawapokea, wengine wavulana wa skuli. Profesa akaniuliza, wanaanguka wangapi kwa mwaka? Nikamjibu wengi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaniletee namba, kisha tuongee." Nilikasirika usiku ule, lakini mpaka leo hilo ndilo funzo nililolipata kwake ambalo sikulisahau.

Nikaingia kwenye rejista. Jamani. Upande wa daktari pameandikwa kwa Kiingereza maneno mawili matatu: mfupa wa paja umevunjika, kichwa kimeumia. Umevunjika kwa nini, hapana. Kaanguka mnazi, kagongwa na bodaboda, kasukumwa, huwezi kujua. Nikakaa wiki mbili nikidhani utafiti umeniishia hapo.

Aliyenitoa ni muuguzi wetu mmoja, mama aliyebakisha miaka miwili astaafu. Kaniona usiku nimeinama juu ya rejista akaniuliza natafuta nini. Nilipomweleza alicheka, akafungua kabati akatoa vile vitabu vya ripoti vya wauguzi, vya kupokezana zamu, vile vya jalada gumu. Humo kila kitu kimo, tena kwa Kiswahili: "Kaletwa na baba yake saa 11 jioni, kaanguka mkarafuu, tawi limekatika, mguu wa kulia." Akaniambia, "Daktari, nyie mnaandika kilichovunjika. Sie tunaandika alivyosema mama yake." Tulikaa naye zamu tatu, baada ya kugawa dawa za saa 6, yeye akinisomea mwandiko wa wenzake.

Kwenye fomu ya programu, mahala pa "jina la menta" niliandika profesa. Huyu mama hakuwa na pa kuandikwa.

Mwisho wake? Nilipewa posho ya kuhudhuria semina hotelini mara mbili, lakini hata siku moja sikutolewa kwenye orodha ya zamu. Andiko likafika ukurasa wa nne likalala. Cheti ninacho.

Sasa nataka mnieleze: waliowahi kulelewa wakaiva, kilichowaivisha ni kitu gani? Na walioachwa njiani, nini kiliwaacha?

Mpiga_Zumari

Daktari atibu. Utafiti waachieni watafiti. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, nyie mwataka siku ya kukaa na kompyuta.

Maalim_Takwimu

@Mpiga_Zumari Yakhe, kaa nikupe kisa cha kisiwani kwako, maana naona hukijui.

Zamani ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa watoto wadogo wa maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu wapewe madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Kila mtu alijua ni jambo jema. Pemba ikafanya jaribio, watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35. Agosti 2003 sehemu ya jaribio yenye madini ya chuma ikasimamishwa, kwa sababu waliokuwa wakipewa ndio waliokuwa wakilazwa na kufa zaidi. Matokeo yalitoka jarida la tiba la The Lancet mwaka 2006: hatari ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali iliongezeka kwa asilimia 12. Shirika likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi.

Sasa niambie, namba ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kulazwa na kufa. Wodini, kwa watu walioandika vizuri nani kaletwa, lini, na ana nini. Ingekuwa rejista kama hizo za Zamu_ya_Usiku za maneno mawili, tungekuwa bado twawapa.

Na nikuongezee. Mwaka 2023 jarida la tiba la New England limechapisha jaribio la emodepside, dawa ya minyoo ya paka na mbwa, ikijaribiwa kwa watu dhidi ya minyoo mjeledi na safura. Lilifanyika hapa hapa Pemba. Mwandishi wa kwanza Mtanzania. Hilo la mwisho ndilo nnalolitaka mimi: maabara ya afya ya Wawi, hapa Pemba, ipo tangu 2000, tafiti zinapita kila mwaka, wangapi wetu wameinuka kuuliza swali lao wenyewe?

@Zamu_ya_Usiku, yako nakuja kukujibu. Niko kwenye foleni ya boti.

Bint_Kojani

Waalaykumu ssalaam kaka. Mimi ni daktari, nipo Unguja, asili yangu huko kwenu.

Neno "menta" linanikera kidogo, na "mlezi" linanifanya nione kama nanyonyeshwa. Kwetu neno lipo: somo. Mwari akiozwa hupewa somo, na somo kazi yake si kumpa hotuba. Ni yule unayemuuliza lile ambalo kumuuliza mama unaona haya. Sasa sie madaktari vijana tuna haya zetu. Mie nilimaliza shahada bila kujua hasa thamani ya p ni kitu gani, ile namba ya kupimia bahati peke yake ingeweza kuleta matokeo kama yako mara ngapi. Nilikuwa naitikia tu watu wakiitaja. Ningemuuliza nani? Msimamizi wangu wa tasnifu? Yule ndiye anayenipa maksi!

Ndio maana nasema msimamizi na menta wasiwe mtu mmoja. Msimamizi ana haki ya kukufelisha. Utamwonyeshaje jedwali ulilolikosea saa 8 za usiku?

Somo wangu alikuwa dada aliyenitangulia miaka mitatu tu. Hakuwa na uprofesa. Alikaa na mie jikoni kwake, mtoto mgongoni, akanionyesha kwa vikombe: hivi sita vyekundu, hivi vinne vyeupe, ukifumba macho ukachota vitatu, bahati peke yake yaweza kukupa vyekundu vitupu mara ngapi? Nikaelewa siku ile.

Jambo la pili, mpango wenu uliangalie hili kwa macho mawili. Menta wengi ni wanaume, na wengi hupanga kuonana jioni au usiku kwa sababu mchana wana kliniki. Mimi saa 2 usiku nina watoto, na kukaa ofisini na mtu mlango umefungwa saa hizo, hata akiwa mcha Mungu namna gani, maneno ya mji unayajua. Kuna mwenzangu kaacha programu kwa hilo tu, na kwenye ripoti wakaandika "hakuonyesha ari". Wekeni mikutano saa za kazi, pahala pa wazi, na mruhusu wawili wawili.

Kigingi

Mie ni afisa tabibu, kituo cha afya kaskazini Pemba. Nimesoma uzi wote nikitafuta neno "tabibu" sijaliona. Kila mtu "daktari kijana, daktari kijana". Kituoni kwangu daktari hafiki kila wiki. Nani anaona wagonjwa?

Nimeshafanya kazi kwenye tafiti za watu zaidi ya nilizozihesabu. Mimi ndiye nnayekwenda kwa sheha, mimi ndiye nnayewaeleza wazazi, na kikopo cha choo nakibeba mimi. Kuna mradi mmoja niliwaambia mapema, fomu yenu ya ridhaa hii, neno mlilotumia kwa "sampuli ya bahati nasibu" huku watu watadhani mnawachezea bahati nasibu ya pesa, wengine watasema ni kamari. Wakaibadilisha sentensi nzima kama nilivyowaandikia. Makala ilipotoka jina langu halimo, hata kwenye shukrani. Imeandikwa "wahudumu wa kituo".

Sidai uandishi kwa kubeba vikopo, msinifahamu vibaya. Nauliza tu: mpango wenu una nafasi ya mtu kama mie, au nitaendelea kuwa "wahudumu wa kituo"?

Zamu_ya_Usiku

@Kigingi Umenishika pabaya. Kwenye rasimu niliandika "madaktari wenye shahada". Nafuta sasa hivi.

@Bint_Kojani Dada, hicho cha vikombe nitakiiba.

Maalim_Takwimu

Nimefika. @Kigingi, kaka, sikiliza, na wengine msikilize, maana hili huwa linavunja urafiki wa watu.

Majarida mengi ya tiba hufuata vigezo vinne vya kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE. Kwanza, mchango wa maana katika kuubuni utafiti, au kukusanya data, au kuzichambua. Pili, kuandika au kuipitia rasimu kwa jicho la kitaalamu. Tatu, kuidhinisha toleo la mwisho. Nne, hiki kimeongezwa 2013, kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Vyote vinne kwa pamoja.

Mtego upo wapi? Kijana au tabibu hutimiza cha kwanza, kisha hapewi rasimu. Hapewi rasimu, basi cha pili kimemkosa, basi "hakutimiza vigezo". Wakati kamati yenyewe imesema wazi kwamba aliyetimiza cha kwanza apewe nafasi ya kutimiza vingine. Wengi hawajui mstari huo upo. Menta wa kweli ndiye anayekwambia upo.

Mimi kwa vijana wangu sharti ni mawili. Moja, majina na mpangilio wake tunaandika kabla damu ya kwanza haijatolewa, karatasi moja, saini, na kila mmoja nakala yake. Ikibidi kubadilisha tutabadilisha mbele ya wote. La pili, usije kwangu na data. Njoo na majedwali matupu. Chora jedwali la kwanza kama litakavyokuwa kwenye makala: safu hii umri, hii jinsia, hii kaanguka urefu gani, hii kafika hospitali baada ya saa ngapi. Tarakimu usitie. Ukishindwa kulichora, swali lako bado halijawa swali.

Zamu_ya_Usiku, yako ilikuwa na jedwali zuri kabisa na hakuna aliyekuchoresha. Ilinichoma kuisoma.

Mgeni_wa_Baridi

Salamu kutoka Uingereza, huku jua linatua saa 10 jioni.

Nilipofika huku niliona vijana wenzangu wana nafasi zinazoitwa ushirika wa kitaaluma wa kitabibu, hulipiwa na NIHR, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya. Robo ya muda wao ni utafiti, robo tatu ni wodi, kwa hadi miaka mitatu. Imo kwenye mkataba. Orodha ya zamu inapopangwa, ile robo imeshatolewa, huombi ruhusa kwa mtu.

Na kuna ile tuzo ya K43 ya kituo cha Fogarty, chini ya NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, iliyoanzishwa kwa watafiti chipukizi wa nchi zetu hizi za kipato cha chini na cha kati. Masharti yake nilivyoyasoma yalikuwa angalau asilimia 75 ya muda wako iwe ya utafiti na mafunzo yake, na lazima uwe na menta wa nyumbani na menta wa Marekani, wote wawili. Nilipoisoma nilicheka peke yangu nikikumbuka zamu zetu. Robo tatu! Sie hata nusu siku twaipata kwa kubadilishana na mwenzako halafu unamdai na yeye anakudai.

Kwa hiyo wanaokuletea mfano wa kurasa kumi na moja, ndugu yangu, wameuandika kwa mtu ambaye muda anao tayari. Wao tatizo lao ni afanye nini na huo muda. Ndiyo maana hukuona pahala pa "nani atashika wodi". Kwao limeshajibiwa kwenye karatasi nyingine.

Babu_Mkunazini

Wanangu, niseme na upande wa pili, wa sie mnaotuita menta.

Mie ni daktari bingwa, nimebakisha kidogo. Mwaka jana nimeletewa orodha ya vijana saba wa kuwalea. Saba! Kliniki yangu haikupunguzwa hata mgonjwa mmoja. Katika saba, wawili niliwalea, watatu niliwapokea simu, wawili sura zao sizikumbuki, Mungu anisamehe. Na mwisho wa mwaka kwenye tathmini yangu ya kazi hapana hata kisanduku cha kuuliza umelea wangapi. Panaulizwa makala. Sasa mtu mwenye saa moja ya ziada, aandike makala yake au asome rasimu yako ya nne?

Kwa hivyo mpango wenu uandike menta asipewe zaidi ya wawili. Na achaguliwe na kijana mwenyewe baada ya kukaa naye kidogo, sio majina kupangwa ofisini kama timu za ndondo.

Kisha niwakumbushe jambo la hapa hapa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Kulikuwa na mradi wa PartoMa, na Chuo Kikuu cha Copenhagen, kuanzia 2014, wodi ya wazazi. Wageni hawakuja na mwongozo mzima wa kimataifa wakatubwagia. Walikaa na wakunga na madaktari wa wodi ile, wakauliza, mkunga mmoja mwenye wajawazito wengi kwa mpigo anaweza kufanya nini kweli? Mwongozo ukawa kijitabu cha mfukoni, na semina fupi kila baada ya miezi kadhaa, anayetaka anakuja. Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Sitaki kubishana na maalim hapo juu kuhusu sababu, ulikuwa utafiti wa kulinganisha kabla na baada, sio wa kuwagawa watu makundi kwa bahati nasibu. Nnachokitaka ni ile namna yao ya kuanza: na wodi ilivyo, sio ilivyotakiwa iwe.

Maalim_Takwimu

Sibishani ami. Kabla na baada ina mipaka yake, lakini 59 kwa 39 si ya kupita ukanyamaza.

Mpiga_Zumari

Ile ya madini ya chuma sikuwa naijua. Haya. Lakini foleni bado ipo.

Bint_Kojani

Foleni ipo, na ndiyo sababu tunasema zamu ishikwe na mtu, sio iachwe. Hakuna aliyesema wodi ibaki tupu.

Zamu_ya_Usiku

Nimerudi baada ya siku tano. Nimewasoma wote mara mbili, mara ya pili kwa kalamu.

Kwanza jambo dogo nililolisahau, na nadhani ndilo lililoniua kimya kimya. Ratiba ya programu yangu ilikuwa imepangwa kutoka huko nje: kukusanya data za marejeo, yaani kuwafuata walioanguka majumbani, kumewekwa mwezi ambao nusu ya Pemba imo mashambani. Nilikwenda shehia moja na barua mkononi, sheha akanitazama akasema, "Daktari, huyu unayemtafuta alianguka mwaka jana. Mwaka huu karudi juu ya mkarafuu, njoo magharibi." Profesa asingeweza kulijua hilo. Yule mama muuguzi angelijua kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo kwenye mpango nimeandika kila kijana awe na watu wawili, mmoja wa fani na mmoja wa hapa hapa, na huyu wa hapa si lazima awe daktari. Fomu ya majina ina nafasi mbili, na zote mbili zinahesabika.

Mengine niliyoyaingiza: menta hazidi vijana wawili. Msimamizi wa tasnifu hawezi kuwa menta wa mtu huyo huyo. Karatasi ya majina ya waandishi inasainiwa kabla ya ombi kwenda kamati ya maadili ya ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar. Afisa tabibu na wauguzi wamo. Cheti nimekiondoa. Mwenzangu mmoja kanuna kwa cheti, tutamrudishia kadogo.

Kisha nikaingia kwa mkuu nikiwa na ukurasa mmoja tu. Nikamwambia, posho ya semina sitaki, nataka alasiri moja. Alikuna kichwa sana. Akauliza nani atashika wodi. Nikamtolea orodha ya zamu ya miezi mitatu niliyokwisha kuipanga, yule anatoka, huyu anaingia, na mie mwenyewe nimejiweka kumshikia mtu mara mbili kwa mwezi. Akaisoma mpaka chini. Amekubali Jumatano, saa 8 mchana hadi saa 11, watu wawili kwa wakati, kwa miezi mitatu ya majaribio, na akisikia malalamiko moja ya mgonjwa anaifuta.

Mama muuguzi naye amekubali, kwa sharti kwamba hatajaza fomu yoyote. Vitabu vya ripoti vya miaka iliyopita amevitoa kabatini mwenyewe, vipo kwenye boksi la maji ya dripu chini ya meza yangu.

Kigingi

Jumatano ya kwanza ni lini? Maana wiki ijayo mie nipo zamu kituoni mchana kutwa, na wa kunishikia hapana.

Zamu_ya_Usiku

Nimeshampigia bosi wako, kijana wetu mmoja wa intaneshipu atakuja kukaa kituoni kwako tangu asubuhi, mwonyeshe wagonjwa wa presha wanapokaa. Wewe gari ya saa 5 usiikose. Na jedwali lako njoo nalo, tupu.

Kigingi

La minyoo au la fomu za ridhaa? Ninayo mawili.

Maalim_Takwimu

La fomu za ridhaa. Hilo sijaona mtu kulifanya huku. Nipigieni video saa 8 na nusu.